Jinsi nilivyotatua CPF9E17 baada ya kuzima prosesa za muda kwenye seva ya Power

Wadau leo nimepumua. Kila mwisho wa mwezi tunawasha prosesa za ziada, zile za kulipia kwa siku, safari hii tukazizima vizuri kabisa ila QSYSOPR (foleni ya ujumbe wa opereta) ikaendelea kupokea ujumbe wa CPF9E17, yaani IBM i, mfumo endeshi wa seva, imevuka kikomo cha leseni. Nikaingiza funguo za leseni upya, nikafanya IPL (kuwasha mfumo upya) usiku, wapi.

Nikafungua WRKLICINF, amri ya kuonyesha leseni, nikaangalia 5770SS1 fitcha 5052, yaani leseni ya prosesa za IBM i: kikomo 2, matumizi 4. Nne zimetoka wapi na patisheni (sehemu ya seva inayoendesha IBM i) nimeipa yuniti 1.5 tu za prosesa?

Kumbe patisheni inayotumia prosesa za pamoja na wenzake, ambayo haijafungiwa kikomo cha prosesa, haihesabiwi kwa yuniti ulizoipa, inahesabiwa kwa prosesa pepe (idadi ya prosesa ambazo patisheni inaziona), maana ndipo inapoweza kufika ikipata nafasi, na sisi tulizipandisha hadi 4 siku ya kuongeza tukasahau kuzishusha.

Nikaingia HMC, konsoli ya kusimamia seva, nikashusha prosesa pepe hadi 2 patisheni ikiwa hewani, kisha nikasevu kwenye profaili (mipangilio ambayo patisheni huwashwa nayo). Hapo kwenye kusevu jamani msiparuke, ukiizima na kuiwasha kwa profaili ya zamani inarudi 4. WRKLICINF sasa inasoma 2.