Muda wa king'ora na mwendo wa mama
Tulipofungiwa king'ora nyumbani, nilimwomba fundi asituachie muda uliowekwa kiwandani, yaani muda ambao king'ora husubiri kabla ya kulia ili anayeingia akizime au anayetoka afike nje, kwa kuwa mama mkwe hutembea kwa mkongojo, na kutoka mlangoni hadi kwenye kibao cha kubonyezea namba ya siri kuna korido ndefu. Tulimpima akitembea taratibu, mkoba begani, ndipo tukaweka sekunde 45 za kuingia na 60 za kutoka. Sikukubali kuongeza, kwa sababu mwizi akivunja mlango huo naye hupata nafasi hiyohiyo. Muda huo unahusu mlango wa mbele na kihisi cha korido (kifaa kinachotambua mtu akipita) pekee. Dirisha au mlango wa jikoni ukifunguliwa, king'ora hulia papo hapo.