Kuala Terengganu: siku niliyoitwa kaka

Kisiwa cha Redang, pwani ya mashariki ya Malaysia, ni kizuri, sitasema uongo. Mchanga mweupe, maji mangavu, kasa wanapita chini yako kama hawana habari. Ila mimi ni mtoto wa Tanga. Minazi na bahari nimezaliwa navyo, na hotelini walituhudumia kwa Kiingereza kilekile cha hoteli za Nungwi. Siku ya nne nilikuwa nasubiri chakula tu.

Tukapanda boti kurudi bara, mji wa Kuala Terengganu, Jumapili moja ya Septemba 2018, mimi na shoga yangu. Katikati ya safari baharia mmoja alimpigia mwenzake kelele akionyesha nyuma ya boti, na ndani ya maneno yake nikasikia "bendera". Nikageuka. Kweli, bendera ilikuwa imejisokota kwenye mlingoti. Wareno walifika Mombasa, wakafika na Melaka ya huku Malaysia. Huku na huku wakaacha neno lilelile. Nikamsogelea yule kijana na Kiingereza changu, naye akaniambia tumewahi: ikifika Novemba pepo za kaskazini-mashariki huchafua bahari na hoteli nyingi za visiwani hufungwa. "Musim," akasema. Msimu! Na upepo wenyewe ni kaskazi, ndugu wa ule uliokuwa ukileta majahazi ya Waarabu kwetu.

Baada ya saa moja na nusu hivi tukashuka gati la Shahbandar. Jumapili, lakini watoto wamevaa sare za shule na ofisi ziko wazi. Jimbo la Terengganu hupumzika Ijumaa na Jumamosi.

Soko la Pasar Payang liko hatua chache kutoka gatini. Chini siku hizo kulikuwa na samaki, mboga na vitafunwa, juu batiki na songket, kile kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za dhahabu ambacho bei yake ilinifanya nikirudishe taratibu nilipokitoa. Harufu ya samaki wakavu ilinipeleka moja kwa moja Deep Sea, soko letu la samaki Tanga. Tulianza na nasi dagang: wali uliopikwa kwa tui la nazi na uwatu, juu yake mchuzi mzito wa jodari, pembeni achari. Uwatu ndani ya wali! Kwetu uwatu ni wa mzazi na wa mchuzi. Nililamba vidole, sioni haya.

Mama muuzaji alikuwa akiniita "Kak". Kak hivi, Kak vile. Ni kifupi cha "kakak", nami nikadhani macho yake mabovu, mtandio wote huu kichwani bado ananiona mwanamume. Kumbe kwao kakak ni dada mkubwa. Shoga yangu alicheka hadi akapaliwa, na tangu saa ile hakuniita jina langu tena.

Cheko lake halikukaa. Kwa kuwa meza ni "meja", sabuni ni "sabun", limau ni "limau" na kujuliana hali ni "apa khabar", alishajiona Mmalay kamili. Kwenye kibanda cha pili akaagiza kwa kujiamini: "Kuku!" Binti wa pale akamtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akainyoosha mbele yetu aonyeshe kucha. Kuku kwa Kimalay ni kucha. Anayetaga yai huitwa ayam.

Adhuhuri tulisali Masjid Abidin, msikiti mweupe ulioanzishwa na Sultani Zainal Abidin II mwishoni mwa karne ya 18. Upande wa wanawake kuna mavazi meupe ya kuazima, telekung, yanakufunika kutoka kichwani. Msikiti wa Kristali, wa vioo na chuma, uliofunguliwa 2008, tuliupitia baadaye kwa teksi. Unapendeza kwenye picha.

Nilichokuwa nimekifuata hasa kiko Losong, kwenye jumba la makumbusho lililoinuliwa juu ya nguzo kama majumba ya kifalme ya zamani. Ni jiwe. Lina tarehe ya mwaka 702 Hijria, yaani 1303, na lilikutwa Kuala Berang, bara ndani. Limechongwa sheria na adhabu za madeni na zinaa, kwa herufi za Kiarabu lakini lugha ni Kimalay. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya zamani zaidi, 1107, ila yale ni Kiarabu chenyewe. Hili linasema lugha ya wenyeji, na Mungu limemwita kwa jina la Kisanskriti, Dewata Mulia Raya, kama vile mchongaji hajaamua aage ipi dini na aikaribishe ipi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu. Bibi yangu hakujua kuandika herufi za Kizungu. Barua zake za Kiswahili zote alianza na "Bismillahi" na kuzimalizia kwa herufi hizohizo za Kiarabu. Shuleni nilifundishwa kwamba bibi hajui kusoma.

Nje ya makumbusho vibao vingi vya barabarani vina Kijawi, herufi za Kiarabu zilizoongezwa nukta kwa sauti za kwao kama ng na p. Nikawa naviburura kwa sauti, silabi kwa silabi. Naweza kutamka kila kitu na sielewi kitu.

Jioni tulivuka kwenda Pulau Duyong kuwaona mafundi wa mashua. Fundi niliyemkuta anatanguliza mbao, zimefungwa kwa vigingi na kuwekewa gome la mti katikati, mataruma, zile mbavu za chombo, yanaingia baadaye. Mchoro hana. Kwetu nimezoea kuona mataruma kadhaa yakitangulia, na pamba ya kalafati ya kuzibia nyufa. Nilijaribu kumweleza kwa mikono, akatikisa kichwa kwa huruma.

Usiku tulipanda basi la Kuala Lumpur na mfuko wa keropok lekor, samaki aliyetwangwa na wanga wa sago, akaviringishwa, akachemshwa, akakaangwa. Basi zima likanuka samaki. Mzee wa kiti cha mbele akageuka, "Kak...", akanyoosha mkono wazi.

"Kaka," shoga yangu akasema gizani, "mpe mzee wa watu."