Siku moja karakanani: kunyoosha mbao ghafi

Saa 1 asubuhi

Kabla ya kuwasha mashine nazipitia mbao za leo moja moja. Ni msaji wa unene wa milimita 32, umepasuliwa kwa msumeno na haujaguswa na randa. Kipima unyevu nakichomeka katikati ya ubao, mbali na ncha, maana ncha hukauka mapema na kudanganya. Kikisoma asilimia 10 au 11, kwa meza ya ndani ya nyumba nakubali. Ubao unaosoma 16 unarudi kwenye rundo: ukinyooshwa leo utapinda tena ukimalizia kukauka.

Kisha nafumba jicho moja na kuutazama kila ubao kwa urefu wake. Kuna uliobonyea kwa upana, kuna uliopinda kwa urefu, na kuna mmoja uliojisokota: pembe mbili za mshazari zinagusa benchi, mbili zinaelea. Huo wa mwisho ndio unaokula unene kuliko yote. Naulaza juu ya benchi, naweka fimbo iliyonyooka kila ncha na kuchungulia kama zinakwenda sambamba. Hapo naona pembe ya kupunguza.

Saa 2

Nakata urefu wa awali, nikiacha milimita 30 au 40 za ziada. Wengi huiruka hatua hii na kuumia baadaye. Ubao wa mita 2.4 uliopinda milimita 12 katikati, ukiukata nusu, kila kipande hubaki na upindo wa milimita 3 hivi. Ukiunyoosha mzima, karibu unene wote wa kazi unaishia kwenye maranda.

Saa 3

Sasa plena, ile mashine yenye meza mbili na silinda ya visu katikati yake. Meza ya kutolea lazima iwe sawasawa na ncha ya visu vikiwa juu kabisa. Ya kuingizia inashuka kwa kiasi cha mkato. Mimi naishusha milimita moja. Ikiwa meza ya kutolea iko chini kidogo tu, mwisho wa ubao unachimbwa. Ikiwa juu, uso unatoka umekonda upande mmoja.

Naulaza ubao upande uliobonyea ukiwa chini, ili usimame kwenye kingo zake na usiyumbe. Nachora mistari ya penseli uso mzima, naangalia nyuzi zinakoelekea ili visu visizing'oe, halafu nasukuma. Sikandamizi kwa nguvu. Ukikandamiza unaunyoosha ubao kwa mikono yako, ukiuachia unarudi ulivyokuwa. Sehemu iliyopita visu ikishatosha, nahamishia uzito wa mkono kwenye meza ya kutolea. Mistari ya penseli ikiisha yote, uso wa kwanza umepatikana. Uso huo naubana kwenye fensi, ule ukuta mfupi wa kuongozea ubao, naipima fensi kwa guni, kipimo cha pembe mraba, na kunyoosha ukingo mmoja.

Kijana ninayefanya naye kazi ananiuliza: "Fundi, si tungezipitisha tu kwenye tiknesa? Ni haraka zaidi."

Ni swali zuri, na ndilo kiini cha kazi hii nzima. Tiknesa ni mashine ya kuupa ubao unene mmoja. Rola zake huukandamiza ubao mezani, visu vinakata juu, na ubao ukitoka unajikunja tena. Unapata ubao laini, wenye unene mmoja, uliopinda vilevile. Tiknesa inanakili uso wa chini. Kama uso huo haujanyooka, hakuna cha kunakili.

Kipande kifupi kuliko milimita 300 sikipitishi kwenye plena. Glavu hapana, vibao vya kusukumia ndiyo, na kinga ya visu inabaki mahali pake.

Saa 6 mchana

Tiknesa. Uso ulionyooka unakaa chini. Mbao zote za kazi moja zinapita kwenye kipimo kimoja kabla sijageuza gurudumu, la sivyo unene utatofautiana pale zitakapounganishwa. Mbao pana nazipunguzia mkato. Uso wa juu ukishasafishwa wote, nageuza kila mkupuo, nipunguze pande zote mbili kwa usawa. Ukitoa upande mmoja tu, unyevu wa ndani unafunuliwa upande huo na ubao unabonyea upya.

Ncha za ubao huwa zinachimbwa kidogo, sentimita chache za mwanzo na mwisho. Nazipitisha mbao zikifuatana kichwa kwa mkia, na ile ziada ya asubuhi inamaliza kilichobaki.

Msaji una silika, madini magumu kama ya mchanga, nao hula makali ya chuma upesi. Sauti ya mashine inakuwa nzito na uso unang'aa kana kwamba umesuguliwa. Hapo nazima na kubadilisha visu. Barakoa na kinyonya vumbi si hiari: vumbi la mbao liliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1995.

Saa 8

Kupasua upana kwenye msumeno wa meza, ukingo ulionyooshwa ukiwa kwenye fensi. Ukingo ghafi ukiuegemeza hapo, ubao unayumba, unabana diski na kurushwa kwako. Ubao unaojifunga ukikatwa naupeleka kwenye msumeno wa mkanda, ambao hauwezi kuurusha hivyo.

Saa 10

Kijana anataka kujua anunue ipi kwanza. Namwambia tiknesa. Uso mmoja unaweza kuunyoosha kwa randa ya mkono, au kwa kuulaza ubao juu ya kigari bapa, yaani ubao mnyoofu wa kuubebea, kuuzibia mapengo kwa kabari na kuvipitisha pamoja kwenye tiknesa; kuupata uso wa pili sambamba kwa mkono ndiko kunakochosha. Plena ikija baadaye, atazame urefu wa meza kabla ya ukubwa wa mota: meza fupi hazinyooshi ubao mrefu. Zile za pamoja, zenye silinda moja kwa kazi zote mbili, zinampa upana uleule pande zote, ila kila akibadilisha kazi anainua meza na kupoteza kipimo.

Saa 11 jioni

Mbao zimebaki na milimita 3 juu ya kipimo cha mwisho. Nazipanga kwa vijiti katikati yake, hewa ipite pande zote. Zilizosogea usiku zitaanza tena kwenye plena. Zilizotulia zitakwenda moja kwa moja kwenye tiknesa.