Koti la Kunguru

Begi langu halikufika. Nilisimama mbele ya mkanda wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Baltimore mpaka ukazimwa, nikabaki na shati la mikono mifupi, kikapu cha visheti nilichokipakata tangu Mombasa, na baridi ya Februari ikinisubiri nyuma ya mlango wa kioo. Dada alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu. "We mtoto, ndivyo ulivyokuja hivi?" Akafungua buti ya gari, akanivisha koti zito la zambarau, pana, mabega yakinishuka kama nimevaa la baba. Kifuani lilikuwa na kichwa cha ndege mwenye jicho jekundu.

Kunguru! Mimi natoka mji ambao kunguru anakupokonya mahamri mkononi, na ukianika samaki lazima uweke mtoto na fimbo. Nikamuuliza ni watu gani hao wenye akili timamu wanaoita timu yao kunguru. Dada akawasha gari. "Kesho nitakupeleka kwa aliyemleta. Wewe pumzika."

Dada ni nesi. Alifika Baltimore Agosti 2000, na kabla hajapata leseni alifanya kazi ya kulea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wagonjwa, zamu ya jioni. Wakenya waliopitia njia hiyo huko ni wengi. Ukipanga foleni kwenye duka la vyakula vya Kiafrika utasikia Kiswahili, Kikuyu na Kikisii kabla hujafikia kulipa. Sikujua, mpaka safari hii, kwamba kipupwe chake cha kwanza kule ugenini alikipitisha akitazama mpira wa Marekani.

Asubuhi tulipanda treni ndogo ya mjini kituo cha Lutherville. Inateremka polepole kwenye miti mitupu, kisha ikifika mjini inaingia barabarani kabisa, Mtaa wa Howard, magari huku na huku kama vile nayo ni matatu. Humo ndani dada akanifundisha mchezo kwa vidole vyake. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unahama. Ukiubeba mpaka eneo la mwisho hiyo ni tachidauni, alama 6, na teke dogo linaongeza 1. Ukiona hufiki, unaupiga upite kati ya milingoti, upate 3.

"Sasa hawa wetu," akasema, "kupata hiyo 6 ilikuwa kama kung'oa jino. Kazi yao ilikuwa kukataa."

Tuliteremka, tukatembea mitaa mitatu kuelekea magharibi hadi pembe ya Fayette na Greene. Pale pana kanisa la matofali na makaburi ya zamani, na karibu na lango limesimama jiwe jeupe la Edgar Allan Poe, aliyefia mji huu tarehe 7 Oktoba 1849. Watu huacha sarafu juu yake. Huyu ndiye mwenye kunguru: mwaka 1845 alitoa shairi la mtu mwenye msiba anayeingiliwa chumbani usiku na kunguru, na kila analomuuliza, ndege anajibu kwa neno lilelile moja la kukataa. Timu ilipohamia hapa mwaka 1996, washabiki walipiga kura kupitia gazeti la mji, zaidi ya kura 33,000, na kunguru, kwa Kiingereza Ravens, akapata zaidi ya 21,000. Mji mzima unachagua jina kwenye shairi! Sisi tuliolelewa kwa mashairi, Mombasa nzima, klabu zetu tunazipa majina ya wanyama wakali na ya kampuni.

Nikaweka shilingi ya Kenya juu ya jiwe. Nikamwambia dada kwetu tunasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. "Hawa hawakukimbiza kitu," akajibu. "Hawa walikaa juu ya chakula, wakasema njooni mkichukue."

Kutoka pale tulishika Mtaa wa Greene kwenda kusini, upepo ukitupiga usoni, na njiani nikapewa habari za mzee mmoja aliyekuwa akimlea kwenye ile nyumba ya wagonjwa. Alikuwa chumba cha mwisho kwenye ukumbi, mguu mmoja haufanyi kazi, na alikuwa hataki kulishwa na mtu. Dada ndiye aliyempata kwa sababu wengine walimshindwa. Siku ya kwanza alimkuta anaitazama televisheni kwa hasira, akamuuliza kinachoendelea. Mzee akamwambia akae. Tangu hapo Jumapili, siku za mpira, akila bila ugomvi, mradi dada asimame pale mlangoni dakika mbili tatu ahesabu naye majaribio: la kwanza, la pili, la tatu.

Mzee alikuwa na kidonda cha 1984. Usiku wa Machi 28 mwaka huo, timu yake ya Colts ilipakiwa kwenye malori ya kuhamisha vyombo, ikapelekwa Indianapolis. Watu wakaamka asubuhi hakuna timu. Mwenye timu alikuwa anaikimbia serikali ya jimbo isimnyang'anye. Walichokosa kuchukua ni sare za bendi, kwa kuwa zilikuwa kwa dobi. Basi bendi ile ikaendelea kupiga miaka 12 bila timu. Nilisimama barabarani kucheka, dada akanivuta kola, taa ilikuwa imebadilika.

Na hao Ravens wenyewe walipatikana vipi? Waliondolewa Cleveland na mwenye timu, Art Modell, mji mwingine ukaachwa unalia vilevile. Mzee alikiri mbele ya dada kwamba jambo hilo halikumpendeza, lakini timu aliipokea. Kunguru hafugiki, anahama.

Uwanja unauona ghafla, mkubwa, viti vya zambarau vikichungulia kwenye mapengo ya zege. Hapakuwa na mechi, msimu ulikuwa umekwisha, eneo la kuegesha magari lilikuwa tupu, na karatasi moja ikiburutwa na upepo toka upande hadi upande. Tulikaa kwenye kingo ya saruji, nikafungua visheti. Hapo ndipo nilipoielewa Oktoba 2000.

Oktoba nzima, mechi tano, timu haikufunga tachidauni hata moja. Moja haikufunga! Waliwashinda Cleveland 12-0 na Jacksonville 15-10 kwa mguu wa mpiga mateke wao Matt Stover peke yake, mateke manne ile ya kwanza, matano ile ya pili. Halafu wakapoteza tatu mfululizo: 10-3 kwa Washington, 14-6 kwa Tennessee, 9-6 kwa Pittsburgh. Hesabu. Mechi tatu, wamefungwa alama 33 tu, na zote wamepoteza. Katika maisha yangu ya kutazama soka nimeona mabeki wakiwatukana washambuliaji kwa chini ya hapo. Kocha, Brian Billick, akamweka benchi Tony Banks akamwingiza Trent Dilfer kuwa kwotabeki, yule anayerusha mipira, na Dilfer mwenyewe akaanza kwa ile ya Pittsburgh waliyopoteza.

Haikupotea nyingine. Walishinda saba zilizobaki, wakamaliza 12-4. Billick akapiga marufuku timu yake kutaja neno la mechi za mtoano, kwa hiyo likawa linatumika jina la mzaha badala yake. Hili nililielewa bila maelezo. Bibi yetu usiku hakutaja nyoka, alisema kamba.

Sasa ukuta wenyewe. Katikati mbele walisimama Tony Siragusa na Sam Adams, kila mmoja karibu kilo 150 au kuzidi. Kazi yao haikuwa kukimbiza mtu. Kazi yao ilikuwa kuwa wazito. Kila mmoja alihitaji watu wawili wa kumsukuma, na hao wakishughulika naye, nyuma anabaki Ray Lewis, nambari 52, hana wa kumzuia, anafika kwenye mpira kabla mwenye mpira hajaamua pa kwenda. Dada alilionyesha hilo kwa visheti: viwili vikubwa mbele, kimoja nyuma, halafu akakila kile cha nyuma. Nyuma kabisa alikuwa Rod Woodson, miaka 35, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kuwa watangazaji. Mpangaji wa ulinzi wote huo alikuwa Marvin Lewis. Katika mechi 16 walifungwa alama 165, ambazo hakuna timu iliyokuwa imefungwa chache hivyo tangu ligi ianze kucheza mechi 16, na mara nne mpinzani akaondoka na sifuri. Kwa mbio za chini waliruhusu yadi 970 msimu mzima, kama 60 kwa mechi, wakati mkimbiaji wao mmoja, kijana Jamal Lewis, mwaka wake wa kwanza, alikimbia 1,364 peke yake.

Nje ya uwanja kuna sanamu mbili jirani. Ya Ray Lewis ilizinduliwa 2014, kifua mbele, akiwa kwenye ile ngoma yake ya kuingilia uwanjani. Dada hakuisogelea sana. Januari 2000, kabla ya msimu huo, vijana wawili waliuawa kwa visu nje ya klabu Atlanta baada ya ugomvi, na Lewis alishtakiwa kwa mauaji pamoja na wenzake wawili. Mashtaka hayo yakaondolewa kwake alipokubali kosa dogo la kuzuia uchunguzi na kutoa ushahidi. Wale wawili mahakama ikawaachia. Mwaka mmoja baadaye akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi. "Mie nilimshangilia," dada akasema, "na wale mama zao nikiwafikiria. Yote mawili." Nikaona hapo hapana la kuongeza.

Usiku wa fainali, Januari 28, 2001, dada alikuwa zamu. Mpaka hapo walikuwa wamewatoa Denver 21-3, Tennessee 24-10 na Oakland 16-3, na fainali ilikuwa Tampa dhidi ya Giants wa New York. Mzee alikataa dawa hadi mapumziko. Mapumziko yakapita, akakataa tena. Robo ya tatu ikienda kuisha, Ravens wakiwa 10-0, akakubali, kwa sharti maji yawe ya vuguvugu.

Dada akatoka kwenda jikoni kuchukua maji. Akiwa anasubiri birika, akasikia ukelele wa ukumbi mzima. Akafikiri mtu ameanguka. Akakimbilia chumba cha karibu: hakuna kitu, watu wanapiga makofi. Duane Starks alikuwa amenasa mpira wa Giants akaukimbiza yadi 49 hadi mwisho. Akarudi kwenye birika. Ukelele wa pili ulikuwa wa maumivu: Ron Dixon wa Giants alipokea mpira wa kuanzia, yadi 97, tachidauni. Akamimina maji, akashika njia, na akiwa katikati ya ukumbi ukaja wa tatu, huo ulitetemesha vioo. Jermaine Lewis naye amepokea mpira wa kuanzia, yadi 84. Tachidauni tatu, sekunde 36 za saa ya mchezo.

Alipoingia chumbani, ubao ulisoma 24-7. Mzee alimtazama na gilasi yake mkononi, machozi yamemjaa, akamwambia: "Ulikuwa wapi?" Akameza vidonge.

Iliisha 34-7. Zile 7 za Giants zilikuwa za mbio za Dixon tu; ukuta wenyewe haukufungwa. Dilfer, aliyeshinda kwenye uwanja wa timu yake ya zamani iliyomwacha, aliachwa tena na Ravens miezi michache baadaye, wakaleta kwotabeki mwingine. Mambo hayo hata dada hakuweza kunieleza. Alivuta mdomo tu.

Mzee alifariki mwezi wa Aprili. Mwanawe alikuja na gari kuchukua vitu, akaviona ni vichache, na hakujua la kufanya na koti. Akampa dada. Miaka yote hiyo lilikuwa kwenye buti ya gari, la dharura.

Nililitazama nilivyokuwa nimelivaa. Kitufe kimoja ni cheusi, vingine vya zambarau. Hicho cheusi dada alikishona mwenyewe usiku mmoja kwenye zamu, mzee amekaa hapo anamkosoa.

Sanamu ya pili ni ya Johnny Unitas, nambari 19, kwotabeki wa Colts wa zamani, aliyefariki Septemba 2002. Amesimama anataka kurusha, na kiatu chake kimoja kimeng'aa kwa kushikwashikwa na wapita njia. Dada alivua glavu, akakishika. Akaniambia na mimi nikishike, kwa mkono wa koti. Chuma kilikuwa baridi kama barafu.

Treni ya kurudi ilichelewa. Tulisimama kituoni tunaruka miguu yote miwili kama watoto, simu ikalia: begi limepatikana, litaletwa nyumbani kesho jioni. Dada akaniuliza kama nitarudisha koti. Nikamwambia kesho jioni ni mbali, na nikampa kisheti cha mwisho.