Walimu 6, wanafunzi 94, na bado kuna watoto tulikuwa hatuwajui

Niseme tu ukweli, mi nilikuwa mmoja wa wale wanaoona shule ndogo haina haja ya semina za ushirikiano, maana tayari mko pamoja. Walimu 6 ukimhesabu na mkuu, watoto 94, ofisi moja meza mbili, mnajuana mpaka kikohozi, huyu akikohoa nje unajua ni nani. Sasa mshirikiane nini tena? Kumbe kukaa ofisi moja ni jambo lingine na kufanya kazi pamoja ni jambo lingine kabisa, na hilo mi nimelijua kwa aibu.

Nilikuwa na darasa la tano. Kulikuwa na kijana mmoja humo, daftari safi, mwandiko umenyooka, hanyooshi mkono ila pia hasumbui mtu, yani wale watoto ambao mwalimu akipita anapita tu. Mtihani wa katikati ya muhula akapata 9 kwa 100. Nikamwita mezani nikampa kitabu nikamwambia nisomee aya hii, akashika kitabu, akakiangalia, kimya. Nikasubiri weee, kimya. Hajui kusoma. Nikatoka pale nimewaka moto, nikaingia ofisini nikamvaa madam wa la pili mbele za watu, "Hivi huko chini huwa mnafanya nini?" Hata sauti hakupandisha. Akanijibu tu, "Mwalimu, huyo ana wiki ya 9 yuko kwako. Umemjua leo?"

Tukanuniana kama siku tatu hivi. Siku ya nne akaja darasani kwangu kwenye kipindi chake cha mapumziko, bila kuniambia anakuja kufanya nini, akakaa nyuma kabisa. Baadaye akaniambia, mkiwa mnasoma kwa pamoja usiangalie kitabu, msikilize yule kijana. Kesho yake nikasikiliza. Alikuwa anakuja nyuma ya wenzake kidogo sana, neno likishatoka kwa jirani ndio na yeye analidaka, ukiwa mbele ya darasa huwezi kushtuka. Na ule mwandiko mzuri nao nikaujua, nikaandika sentensi ubaoni nikaifuta akiwa katikati, akasimama palepale kwenye herufi aliyofikia, katikati ya neno. Alikuwa anachora. Miaka minne na ushee mtoto anachora na kudaka maneno hewani, na sisi wote tumemfundisha, kila mtu kwa zamu yake, kila mtu akijua ni wa mwenzake.

Basi hapo ndio likaja wazo la karatasi la manila. Tukaandika majina yote 94, tukabandika ukutani ofisini baada ya watoto kuondoka, kila mwalimu akapewa kalamu aweke tiki kwa mtoto anayemjua. Na kumjua tulikubaliana si jina wala maksi, ni uweze kutaja kitu kimoja chake, anapenda nini, anaishi na nani, anaogopa nini. Tulikuwa tunacheka tukianza. Tulipomaliza kuna watoto wana tiki 6, watundu wote na wale wa mbele wenye midomo, halafu kuna 11 hawana hata moja. Shule ya watoto 94! Na katika hao 11 wanne walikuwa wa darasa langu mimi. Kicheko kikaisha.

Tukaanzisha daftari moja la wote. Kila asubuhi dakika 10 kabla ya kipindi cha kwanza tunakutana, tena tumesimama, kwa sababu tulishaona mkikaa tu inageuka kikao na kikao kinazaa ajenda. Mtu anataja mtoto mmoja au wawili, kaona nini, kajaribu nini, inaandikwa, basi. Ila mwanzoni tuliliharibu sana lile daftari. Likawa kama kitabu cha polisi, "mvivu huyu", "jeuri", "nyumbani kwao ndio walivyo". Halafu siku moja likasahaulika mezani, binti mmoja katumwa kuleta chaki akalifungua akakuta jina lake na neno lililoandikwa pembeni. Hakusema kitu, ila akaacha kabisa kunyoosha mkono kwenye somo la yule aliyeandika. Tulimwomba msamaha, na sidhani kama ametusamehe vizuri. Tangu hapo daftari linafungiwa kabatini na sheria ni moja, usiandike kitu ambacho huwezi kukisoma kwa sauti mbele ya mzazi wake. Maneno kama mvivu yakafa yenyewe, maana ukilazimika kuandika ulichokiona unaandika "kalala vipindi viwili vya asubuhi, Jumatatu na Jumanne", na hiyo ndio inakupa pa kuanzia.

Kitu kingine ambacho wengi wanakosea, na sisi tulikosea, ni kusema "watoto wote ni wetu sote" halafu mkaishia hapo. Wa wote ndio huyo asiye na mtu. Kila mwalimu alikuwa anadhani mwenzake ameshaongea na mzazi. Kwa hiyo tukagawana, kila mtu watoto kama 15 au 16 hivi, mkuu naye ndani, na si lazima wawe wa darasa lako. Kazi yako si kumaliza shida zao, ni kuhakikisha hapiti wiki mbili bila mtu kumuuliza hali. Yule kijana alimchukua madam wa la pili mwenyewe. Mi nikachukua wawili wa darasa lake, na ndio nikaanza kuelewa kazi ya huko chini, aisee watu wanafanya kazi.

Kwenye kusoma tuliiga utaratibu ulioenezwa na shirika la Pratham la India. Unampima mtoto mmoja mmoja kwa mdomo, yuko kwenye herufi, maneno, aya au hadithi, halafu kwa muda fulani wa siku mnawapanga kwa kiwango na si kwa darasa. Sisi tuliweka nusu saa kila siku, walimu wote 6 wanafundisha kusoma, hata wa hesabu. Tatizo likawa aibu, la tano kukaa na la pili. Tukayapa makundi majina ya rangi, watoto wakagundua siku hiyohiyo kijani ni wale wasiojua. Kilichosaidia ni kuwatenga wakubwa chumba chao na kuwaandikia wenyewe vihadithi vya umri wao, maneno mepesi lakini habari za watu wazima kidogo, mpira, ugomvi, mtu kapotea njia. Mtoto wa miaka 12 ukimpa habari ya paka kakaa juu ya mkeka anajua unamdharau.

Mwalimu wa hesabu mpaka leo haandiki kwenye daftari. Tulimbembeleza, tulimsema, wapi. Ila ukimfuata uwanjani ukamuuliza mtoto fulani vipi, anakueleza dakika 20, na ndiye aliyegundua binti mmoja haoni ubao, alijua hilo baada ya kuona anakosea namba 3 na 8 tu. Sasa mi namfuata naandika kwa niaba yake. Kuna mtu atasema sio haki, sawa, lakini hiyo habari ya ubao ningeipata wapi?

Yule kijana yuko la sita sasa, anasoma aya, polepole, kidole kinafuata mstari. Mwandiko wake umeharibika kweli, maana siku hizi anaandika vya kwake.

Juzi tukabandika manila tena. Wasio na tiki walikuwa 4. Mmoja ni binti anayeshika namba moja darasani kwake tangu ajiunge, wote tulikuwa tunasema huyo hana shida na tunapita. Jina lake nimeliandika kwenye orodha yangu.