Kumbe na wewe ni fundi

Kimbunga Beryl kimetupitia Jumatatu hapa Houston, Julai hii ya 2024, siku nne hatuna umeme, nyama yote ya friza nimetupa, na bado kinachonikosesha usingizi ni simu ya Ba'mdogo.

Mnamjua, wa gereji Tanga. Kazi yetu huku ni kukadiria vifaa vya kituo cha anga vitakufa lini, basi nikamhadithia ile pampu ya mtambo wa kule unaogeuza mkojo kuwa maji, ile iliyokufa mwishoni mwa Mei, ikabidi wanaanga Butch na Suni washushiwe masanduku yao mawili ya nguo ili spea ya kilo kama 70 ipate nafasi kwenye chombo chao, Starliner, cha Juni 5 (na wenyewe walijua wanaenda siku nane hivi, mpaka naandika hii wako huko huko). Nilidhani atacheka. Akauliza tu:

"Ilikuwa ifike mwezi gani?"

"Vuli ya huku, Ba'mdogo. Septemba, Oktoba hivi."

"Ikafa Mei."

"Ikafa Mei."

Kimya. Nasikia spana inadondoka sakafuni. Halafu: "Sawa mwanangu. Na mimi wateja nawaambiaga njoo kesho. Kumbe na wewe ni fundi."

Kumbe na wewe ni fundi! Nimeigeuza hiyo sentensi kama chapati, huku na huku, ni sifa au kijembe? Kwanza pampu ile sikuikadiria mimi, mimi niko kwenye valvu. Pili, hii nilimjibu kichwani saa nane usiku na joto na mbu, sisi hatutaji tarehe, tunataja uwezekano, unaanza na namba ya mtengenezaji halafu kila kifaa kikifa, au kikigoma kufa, unairekebisha, sasa kama vilivyowahi kufa ni viwili vitatu tu utajifunzia wapi? Yeye ameshafungua mamia ya pampu za Toyota. Mimi mamia ningeyatoa wapi jamani.

Jana nasugua friza ndo nikakumbuka alichosema kabla hatujakata, nilikuwa nimeshanuna: "Gari la lami na gari la vumbi la Handeni, pampu moja, vifo viwili."

Nikakaa chini na brashi mkononi. Maana mwaka 2009 mtambo ule ule uliziba kwa chumvi ya kalsiamu. Kule juu mwili hauna uzito, mifupa inapoteza kalsiamu, inatokea kwenye mkojo, wakati hesabu zilitokana na mkojo wa sisi wa huku chini, wa lami. Mzee hajawahi kuona hata picha ya mtambo wenyewe. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Nitampigia Jumapili, ila simwambii kuwa nilinuna.

Mama naye alienda kuchukua majibu ya presha Alhamisi, meseji yangu mpaka sasa tiki moja.