Jumamosi moja Berlin, na basi namba 100

Semina iliisha Ijumaa, ndege ya kurudi Dar ilikuwa Jumapili asubuhi. Nikabaki na Jumamosi moja ya Septemba kuiona Berlin yote. Binamu yangu wa Hamburg, ambaye kwa miaka yake yote ya Ujerumani nadhani Berlin kaipita kwa treni tu, akanipa mawaidha mawili: panda basi la watalii, halafu wahi bungeni Reichstag upange foleni, kuingia ni bure.

La kwanza nililikataa, lingenila euro thelathini na kitu. Mama wa mapokezi pale hotelini alikuwa keshaninong'oneza habari za basi namba 100. Ni basi la kawaida la ghorofa, unapanda na watu na vikapu vyao vya sokoni, kutoka Zoo hadi Alexanderplatz, kwa tiketi ya kutwa ya kama euro kumi. Basi la kwanza nililiacha lipite kwa sababu viti vya mbele juu vilikuwa vimejaa. La pili lilipokuja nilipanda ngazi mbio kama mtoto wa shule. Kaa kushoto! Ikulu ya rais, Bellevue, iko kushoto, bunge kushoto, kanisa kuu la Dom kushoto. Lile kanisa lililokatwa kichwa na mabomu ya 1943 unaliona pale pale mwanzoni, na mnara wa ushindi, Siegessäule, wenye mwanamke wa dhahabu juu, basi linauzunguka, kwa hiyo huukosi.

Tiketi igonge mhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda treni. Wakaguzi hawavai sare, na faini ni euro 60. Nasema kama niliyesikia kwa jirani, lakini aliyelipa ni mimi, Alhamisi.

Sasa Reichstag. Nikashuka, nikapanga foleni, nikasimama karibu saa nzima nikilitazama lile andiko la juu ya nguzo, "Dem Deutschen Volke", yaani kwa watu wa Ujerumani, na nadhani lilikuwa linanisema mimi. Nilipofika mbele kijana akauliza jina langu, akashusha kidole kwenye orodha, akapandisha, akashusha tena. Simo. Kumbe kule kwenye kuba la vioo lililo juu ya bunge huendi kama unavyokwenda sokoni. Unajiandikisha kabla, kwa intaneti. Nikampigia binamu. Akasema, "Aa, siku hizi wamebadilisha?"

Kilichoniokoa ni kibanda cha kujiandikishia, ng'ambo tu ya barabara. Nafasi zinazobaki hugawiwa pale, ila uje saa mbili au zaidi kabla ya muda wenyewe, na pasipoti mkononi. Nikapewa karatasi ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua likizama! Walioandikishwa toka nyumbani walikuwa wanatoka saa hizo za mchana, macho wameyafinya.

Nilikuwa na saa za kuchoma. Lango la Brandenburg ni mwendo wa dakika tano kwa miguu; sanamu za farasi wanne zilizo juu yake Napoleon aliwahi kuzibeba hadi Paris mwaka 1806, zikarudishwa 1814. Nikapiga picha, nikapanda treni ya chini, U6, vituo vitatu kutoka Unter den Linden, nikashuka Naturkundemuseum, kituo cha makumbusho ya viumbe na mambo asilia.

Huko sikutumwa na binamu. Mimi ni mtu wa Lindi, na tangu utotoni nasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huko kwetu. Yupo, katikati ya ukumbi, kimo chake zaidi ya mita 13, shingo inakaribia dari. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Nilisimama chini ya mbavu zile nikasema kwa sauti, "Shikamoo, babu." Mlinzi akanitazama. Nikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa popote siku ile, Lango likiwemo, na nusura nichelewe zamu yangu ya kuba.

Beba koti. Juu kabisa kule kuba liko wazi, na upepo unaingia.